Je, Mgonjwa Ana Haki ya Kujua Daktari Wake Anampenda Nani?

Kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini hapa Pwani, barazani na kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa: ikisemekana kwamba daktari fulani ni shoga, je, mgonjwa ana haki ya kumkataa? Mara nyingi ushahidi wenyewe ni kwamba amefika miaka arubaini na hajaoa, au kwamba anajipenda mno kwa mavazi. Lakini tuuache umbea kando, tulitazame swali lenyewe. Wengi wanaoliuliza ni watu wa dini, na hofu yao ni ya kweli.

Msimamo wangu niuseme mapema. Yako mambo mengi ambayo mgonjwa ana haki ya kuyajua kuhusu daktari wake, na Wakenya hatuyaulizi vya kutosha. Anampenda nani si mojawapo.

Hoja nzito zaidi niliyoisikia dhidi ya msimamo huu ni ile ya sitara. Mama wa Lamu au Kisauni akiomba ahudumiwe na daktari wa kike, hakuna anayemwita mbaguzi. Wauguzi huhangaika kumtafutia, na wanafanya vyema. Basi, huniuliza wenzangu, ikiwa mwanamke anaweza kuukataa mkono wa mwanamume kwa sababu ya haya, kwa nini mwanamume asiukatae mkono wa mwanamume ambaye huenda akamtamani?

Ifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake uone inakofikia. Kama tatizo ni uwezekano wa daktari kumtamani mgonjwa, basi wa kwanza kutolewa hospitalini ni wanaume wanaopenda wanawake. Hao ndio wengi, na kila siku wanazalisha akina mama, wanapima matiti, wanapasua wanawake waliolala kwa dawa ya usingizi. Hatuwatoi, na hatuwaulizi wanafikiria nini. Tunajua kwamba kinachomlinda mgonjwa ni mwenendo wa daktari: ridhaa kuombwa kabla ya mkono kugusa, pazia kufungwa, muuguzi wa pili kuwapo chumbani, na adhabu kwa anayevuka mpaka. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimsamehi mtu kwa kuwa ana mke na watoto wanne.

Tena yule mama anayeomba daktari wa kike hachimbui siri ya mtu. Jinsia ya daktari huonekana mlangoni. Nani anampenda nani hakuandikwi kwenye beji. Ili ulijue hilo itabidi umfuatilie mtu nyumbani kwake, umuulize jirani, uisome simu yake. Na hapa Kenya ukishalijua, umeshika kitu kinachoweza kumpeleka jela. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 24, 2019. Wanasheria watakwambia kifungu hicho kinaadhibu tendo, si jinsi mtu alivyo. Mtaani tofauti hiyo haipo.

Wakazi wa Mtwapa wanakumbuka. Februari 2010, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulienea, na umati ukakizingira kituo cha afya cha KEMRI ambacho kilikuwa kikihudumia watu katika masuala ya virusi vya Ukimwi. Mahali pa kutibiwa pakageuka mahali pa kusakwa. Anayeandika jina la daktari kwenye kundi la mtaa leo huenda hana nia hiyo, lakini umati haungojei nia ya mtu.

Kuna kesi nyingine ya hapa kwetu ambayo kwa maoni yangu inafundisha zaidi. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa hospitali ya umma Mombasa na kupimwa sehemu za haja kubwa ili polisi wapate ushahidi. Mahakama Kuu hapa Mombasa ilisema mwaka 2016 kwamba hakuna haki iliyovunjwa. Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo na kusema vipimo vya kulazimishwa vya aina hiyo ni kinyume cha sheria. Chama cha madaktari nchini, KMA, nacho kilikuwa kimevilaani mwaka 2017. Sasa jiulize: mgonjwa alitwezwa ndani ya chumba cha daktari, na katika miaka yote mitatu ya kesi, ni nani aliyehitaji kujua daktari yule analala na nani? Mahakama ilitazama ridhaa na utu wa mtu. Basi.

Madaktari wenyewe walichelewa kulielewa hili. Mei 1972, mjini Dallas nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya akili John Fryer alipanda jukwaani mbele ya wenzake akiwa amevaa kinyago na wigi, sauti yake imebadilishwa kwa kipaza sauti, ili awaambie kwamba yeye ni daktari na ni shoga. Wakati huo chama chao kiliuhesabu ushoga kuwa ugonjwa wa akili, naye aliogopa kupoteza kazi kwa mara nyingine. Chama kiliuondoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka uliofuata. Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo mwaka 1990. Wagonjwa wa Fryer walikuwa wakitibiwa naye miaka yote hiyo ya kujificha.

Nikiri jambo moja kwa wanaonipinga. Kiapo cha Geneva kinamtaka daktari asiruhusu dini, kabila wala mwelekeo wa kimapenzi viingie kati ya wajibu wake na mgonjwa. Mgonjwa hakula kiapo hicho. Yeye ndiye aliyevuliwa nguo, ndiye mwenye maumivu, na Sheria ya Afya ya 2017 inatambua haki yake ya kukataa matibabu. Hakuna anayeweza kumlazimisha ampende daktari. Akiomba mwingine na mwingine yupo, apewe.

Lakini kama ni kuuliza, aulize yanayomhusu. Je, daktari huyu ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC? Orodha iko mtandaoni, na inachunguzika kabla hujalipa hata shilingi. Amewahi kufanya upasuaji huu? Dawa hii ina madhara gani? Naweza kuwa na muuguzi au ndugu yangu chumbani? Nikidhulumiwa, nalalamika wapi? Hili la mwisho nalo ni KMPDC, na kama ni jinai ni polisi.

Na kabla ya kumkataa aliyepo, mkazi wa vijiji vya ndani vya Tana River au Kinango ahesabu pia nauli, barabara na saa. Huko mara nyingi daktari wa pili hayuko chumba cha pili. Yuko mji mwingine, na mtoto ana degedege sasa hivi.