Lamu: Bandari Imekam, Mvuvi Ataenda Wapi?

Maze, kama Lamu kwako ni bash na picha za dau tu, tulia kidogo. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021. Noma ni kwamba kuchimba njia ya meli kulivuruga maji ya Manda, penye wavuvi walikuwa wanatoa riziki. 2018, Mahakama Kuu kule Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe bilioni 1.76. Poa, lakini doo huisha. Kijana hasomi upepo na bamvua kwa akaunti ya benki, anasomea baharini na mzee wake. Bila boti za kufika maji makuu, huo ujuzi unazama. Mji wa Kale uko kwa listi ya UNESCO tangu 2001. Sasa si pia walioulisha walindwe?