Mtafiti Chipukizi na Mbuni wa Ruiru

Kila nipitapo Ruiru, macho yangu huelekea mashamba ya kituo cha utafiti wa kahawa. Hapo, mwaka 1985, ilitolewa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye kuhimili kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yangali mabichi. Kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya chulebuni kushambulia vikali mwaka 1968. Watafiti walichavusha maua kwa mkono, wakapanda, wakangoja miche izae, wakachagua, wakaanza upya.

Je, kijana wa leo angeipata wapi miaka hiyo? Ninaowafahamu baina ya Juja na Thika wana shahada za uzamili, hata za uzamifu, nao hufundisha kwa mikataba ya muhula mmoja. Malipo yenyewe (Mungu awape subira) hufika muhula mwingine umekwishaanza. Asubuhi wako chuo hiki, alasiri kile. Viwanda vya Thika, vyenye maswali tele ya mitambo na maji taka, huviona kupitia dirisha la matatu.

Kisha nafasi ya kudumu itangazwapo, huulizwa: umechapisha makala mangapi? Swali ni halali. Lakini mbuni huchukua takriban miaka mitatu kuzaa, na mkataba ni wa miezi minne. Vyuo vinavyodai machapisho na vimwajiri kijana huyo kwa miaka mitano, vimpunguzie vipindi, vimkabidhi na ufunguo wa maabara.