Tarakilishi Isimfikirie Mwanafunzi wa Sataranji

Mchezo wa sataranji una maandishi yake, na maandishi hayo yana sarufi. Mapambano ya mabingwa huandikwa hatua kwa hatua, kisha wajuzi huyatilia maelezo kandokando: hapa palikuwa na mtego, hapa mchezaji alipotoka, hapa angalifanya vingine. Mwaka 1966 jarida la Informator lilianza kuchapishwa mjini Belgrade likitumia alama zisizohitaji lugha yoyote. Alama ya mshangao husifu hatua. Alama ya kuuliza huikosoa. Zikiandamana, ya mshangao ikitangulia, hatua yafaa kuzingatiwa. Ya kuuliza ikitangulia, inatiliwa shaka. Sisi wanaisimu hatuwezi kuupita utaratibu huo bila kuustaajabia.

Leo maandishi hayo yamo katika tarakilishi, na hapana budi kukiri kwamba manufaa yake ni makubwa. Mwaka 1985 Garry Kasparov alicheza na wachezaji wanane wa timu ya Hamburg kwa wakati mmoja, akashindwa. Aliporejea mwaka 1987 alikuwa amekwisha kuyapitia mapambano yao kwa programu iitwayo ChessBase, akazoa alama 7 kati ya 8. Lakini tuzingatie jambo ambalo aghalabu husahauliwa: programu ile haikufikiri kwa niaba yake. Ilikuwa kabati la mapambano tu. Kufikiri kulikuwa kwake.

Programu za sasa, mathalani Stockfish ambayo hutolewa bila malipo, hupiga hesabu za mchezo kupita bingwa yeyote. Mwanafunzi akifungua pambano lenye maelezo, papo hapo pembeni hutokea tarakimu: 0.8, yaani Mweupe amezidi kwa karibu thamani ya kete ndogo moja. Tarakimu hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado isimfunze neno.

Chukua pambano la New York la mwaka 1956, ambapo Bobby Fischer, mvulana wa miaka 13, alimshinda Donald Byrne. Katika hatua ya 17 Fischer alimwacha malkia wake aliwe, akasogeza askofu. Tarakilishi ya leo huitambua hatua hiyo kufumba na kufumbua, ikaipa tarakimu yake, basi. Ni mfafanuzi anayemwonyesha msomaji kwamba Byrne, lau angalimla askofu, shaha wake angalizibwa na kete zake mwenyewe na kumalizwa na farasi; na kwamba kwa kumla malkia alimfungulia Fischer njia ya kumtishia shaha mfululizo, hata akapata ngome, maaskofu wawili na kete ndogo kuwa fidia. Hayo hayamo katika tarakimu.

Si kwamba wafafanuzi hawakosei. Vitabu vya Kasparov kuhusu mabingwa waliomtangulia, vilivyoanza kutoka mwaka 2003, vilikosolewa na wasomaji waliokuwa na programu nyumbani, na ni haki yao. Kumkosoa mfafanuzi baada ya kumsoma ni usomi. Kutomsoma kabisa kwa kuwa mashine imekwisha kutoa hukumu ni jambo jingine. Walimu wa fasihi wanaujua vyema ugonjwa huu: mwanafunzi haigusi riwaya, ameridhika na mwongozo. Naye huyu wa sataranji hana hata mwongozo. Ana majibu ya nyuma ya kitabu.

Kwa hiyo walimu wanaosimamia vyama vya sataranji shuleni (na tarakilishi moja yatosha chama kizima) waizime kwanza sehemu ya programu inayotoa tathmini, na maelezo ya mfafanuzi yafichwe. Mwanafunzi aandike yake, kwa sentensi kamili za Kiswahili, akieleza kwa nini hatua ilichezwa. Kisha asome ya mfafanuzi. Mashine iwashwe mwisho, iwapime wote wawili. Palipo na tofauti baina ya watatu hao, hapo ndipo mjadala wa chama uanzie.