Hadubini Itolewe Kabatini!

Wanachama wenzangu, toka mjini hadi Kangemi na Kawangware ploti nyingi zina matangi. Watu husema yakitiwa klorini, mambo kwisha. Mimi nakataa.

Yuko bakteria aitwaye Legionela. Mwaka wa 1976 aliwaua wanajeshi wa zamani waliokuwa wamekutana hotelini Philadelphia, Marekani. Mwaka wa 1980 Mwingereza Rowbotham alionyesha kuwa huingia ndani ya amiba, wa seli moja kama yule tunayemchora katika Bayolojia, akazaana humo. Amiba akijijengea ganda, klorini haimpati mgeni wake kwa urahisi. Hupenda maji vuguvugu ya tangi lisilosafishwa. Mtu huugua hasa kwa kuvuta matone madogo hewani, si kwa kunywa.

Haya niliyasoma kwenye kompyuta. Siidharau, kwani kuanzia 2005 AMREF iliwafunza wauguzi wetu kwa kompyuta wakiwa kazini. Lakini wao walikuwa na wodi, jioni walisoma, asubuhi walishika mgonjwa. Sisi je? Hadubini yetu ni moja, nayo imefungiwa, eti tutaivunja. Kwani ilinunuliwa ipambe kabati? Tupewe hata Ijumaa moja, na tone la maji ya tangi la shule.