Mche Hauchumwi Karafuu

Saa nne ya asubuhi, mwezi wa Januari, muuza kahawa keshazunguka mara mbili, na baraza letu la Malindi, hapa Unguja, limejaa watu wazima wanaoijua siasa ya dunia kuliko bei ya sukari majumbani mwao. Nami ni mmoja wao, sijitoi. Mara bwana mmoja akatoa simu, akaisogeza mdomoni, akaanza: "Mwanangu, ami yako hapa, sisi wazima, alhamdulillahi. Ile simu usiisahau. Na mdogo wako anataka raba. Na shangazi yako bati zake zinavuja. Wewe uko Marekani, mwanangu, Mungu kakufungulia." Akaachia kidole, akajiweka sawa, akaagiza kahawa.

Jibu halikukawia. Sauti ya chini, ya mtu anayechelea kuamsha wenziwe: "Shikamoo ami. Inshallah." Nyuma yake mngurumo. Mmoja wetu akasema huyo yumo ndani ya ndege. Nikaiomba simu nikamwuliza mwenyewe, maana nilimsomesha hesabu huyu akiwa hajaota ndevu. Kumbe yuko chini ya bweni anafua, kwa kuwa mchana mashine hazishikiki, na kitabu kakiegemeza juu ya mashine hiyo hiyo anasoma, asubuhi ana mtihani. Kwake ilikuwa saa nane ya usiku.

Ndugu zangu, nimenyamaza sana juu ya jambo hili, leo basi. Tuna tabia ya kumpeleka mtoto ng'ambo kusoma, na kabla hajajua njia ya darasani tushamfanya mkarafuu wa ukoo. Na mkarafuu wenyewe, nani asiyejua hapa Unguja, unautunza miaka sita, saba, ndipo uone kikonyo. Mche wa jana unaukwelea leo na pakacha?

Mji aliko unaitwa Athens, wala si ule wa Ugiriki. Ni mji mdogo wa vilima na barabara za matofali katika jimbo la Ohio, na chuo kikuu kimo humo tangu mwaka 1804. Ukiuondolea chuo, mji ule utakuwa Malindi isiyo na bandari. Wanafunzi wakenda likizo, mitaa hubaki mitupu. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu, na kijana wa pwani hujikuta anaharakisha alasiri huku magharibi inamgongea mlango. New York yenu ya sinema iko mbali naye kuliko tulivyo sisi na Mombasa.

Na sheria je? Mwanafunzi mwenye viza ya kusomea, chuo kikiwa wazi, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo chenyewe: kuosha sahani kwenye ukumbi wa chakula, kupanga vitabu maktaba. Katika fedha hiyo kuna chumba, bima, vitabu, na koti la baridi. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Ami akiomba simu, kijana ana njia mbili: akope, au akafanye kazi ya kificho kituo cha mafuta usiku, na akikamatwa viza imekwenda, masomo yamekwenda, anarudishwa na begi moja. Hapo baraza lile lile litakuwa la kwanza kumcheka.

La kushangaza zaidi, sisi wenyewe tulilijua hilo. Siku ile alipovuka kwa boti kwenda ubalozini Dar es Salaam, alikwenda na karatasi za benki kuonyesha kwamba nyuma yake wapo wa kumlipia. Kwa sheria yao kila mwombaji huhesabiwa mhamiaji mpaka athibitishe kwamba atarudi kwao. Basi jamaa wakajaza fomu kwamba uwezo wanao. Uwezo huo ulizama wapi, Chumbe?

Wenzetu wa Kenya hawakufanya hivi. Septemba 1959, ndege iliyopatikana kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi kwenda Marekani na wanafunzi 81. Nyuma ya wale vijana kulikuwa na watu waliouza mifugo na kuchanga shilingi moja moja. Mwaka uliofuata akaondoka msichana wa Nyeri, Wangari, akaenda Atchison, mji mdogo wa Kansas, chuo cha masista, kusoma biolojia. Akamaliza 1964, akaongeza shahada ya pili Pittsburgh, akarudi kwao. Huyo ndiye Wangari Maathai wa miti, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Laiti ami yetu angekuwa wake, Kenya ingepata raba ikakosa misitu.

Hapa petu Profesa Abdul Sheriff alisoma California, kisha London, akarudi, akatuandikia habari za pembe na karafuu zetu kwa undani ambao hatukuwa nao. Usione vyaelea, vimeundwa. Na mwaka 1840 Ahmad bin Naaman alifika New York na jahazi la Sultana, ametumwa na Seyyid Said, kapakia karafuu, pembe, ngozi na tende. Wazee wetu walikwenda Marekani na shehena. Sisi tunapeleka orodha ya mahitaji.

Hapa niruhusuni niseme la pembeni, likinikaa kooni litanisonga. Kijana yule alinieleza kwamba chuoni kwake Kiswahili kinafundishwa, na Wamarekani wanahangaika na ngeli mpaka jasho linawatoka. Wengine hukata tikiti wakaja hapa Vuga kukisoma. Nasi tunaokaa juu ya Kiunguja, lahaja iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, tunamlipia mtoto ada ili asikiseme, akija mgeni tunamwita atamke Kiingereza kama kasuku. Siku moja mwanao ataulizwa huko kwa nini twasema "mikono yangu" lakini "kuta zangu", naye atatoa macho. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini hilo lina siku yake.

Sisemi mtoto asahau kwao. Kuunga udugu ni amri, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katufundisha kwamba mkono wa juu, utoao, una heri kuliko wa chini, upokeao. Mbona twakimbilia huo wa chini? Watu wa Malindi nawajua: hajapata mgeni kushuka bandarini hapa akalala na njaa, na msiba wa mmoja hupikiwa na mtaa mzima. Ukarimu mnao. Basi upelekeni na Ohio. Akitokea msafiri, mpeni kopo la halua na bizari ya pilau ya bibi yake. Mkipiga simu, tazameni saa kwanza, kisha mwulizeni kala nini. Tangu aondoke, kaniambia mwenyewe, aliyemwuliza hivyo ni mama yake tu.

Hayo yote niliyasema palepale barazani, tena kwa sauti, mpaka muuza kahawa akaweka dele chini. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema, "Kweli tupu, mwalimu." Ami naye alikaa kimya kitambo, akazungusha kikombe chake, na nikaona haya imemshika. Kisha akaniinamia sikioni.

"Umenizindua, mwalimu. Ya simu nimeyaacha," akasema. "Akikupigia wewe, mwambie raba tu. Namba arubaini na mbili."