Kabati la mota jikoni? Tuulize kuranti kwanza

Ukijenga nyumba Golf au Bel-Air, fundi anaweza kukuonyesha kwenye simu kabati la jikoni linaloshuka lenyewe: unabonyeza kitufe, mota inakuletea sahani hadi mkononi. Inapendeza. Lakini hapa Lubumbashi, kabla ya kuuliza bei tuulize kuranti.

Umeme unaotoka Inga unasafiri karibu kilomita 1.700 hadi Kolwezi, na migodi inaungojea pamoja nasi. SNEL ikikata saa ya chakula, sahani zinabaki juu, na bukari iko tayari kwenye mbabula. Mbabula, angalau, haingojei mtu! Kuranti ikirudi kwa nguvu ya ghafla, inaweza kuunguza mota kama inavyounguza frigo zetu, na kipuri chake utakiagiza ng'ambo.

Hata hivyo, si kwa kila mtu hii ni anasa. Mwenye kutembea kwa kiti cha magurudumu, au nyanya ambaye mkono haupandi tena, anapata uhuru wa kujipakulia bila kuita mtoto. Kwao ningekubali gharama, mradi kabati liweze kushushwa kwa mkono. Muuzaji akikuonyesha lake, mwambie azime kuranti kwanza, ndipo alishushe.

Kwa sisi wengine, kuna rafu za kuvuta zenye springi, zisizohitaji umeme. Ama seremala ashushe ubao, masufuria mazito yakae chini, na franka zinazobaki zinunue betri ya taa.