Geini nyingi inaua gitaa: kwa nini nachagua 800

Wapiga gitaa wanaoniletea amplifaya zao kuzitengeneza hapa Dar es Salaam siku hizi wana swali moja: kati ya zile moduli za priampu zinazotoa mkwaruzo wa roki ya Kiingereza, ninunue ipi? Jibu langu ni moduli ya 800. Wengi hawalipendi, kwa sababu si hiyo yenye geini, yaani nguvu ya kukuza sauti, kubwa kuliko zote, na dukani geini ndiyo inayouza.

Kwa asiyezifahamu, gitaa la umeme hutoa umeme mdogo mno. Priampu ndiyo hatua ya kwanza ya kuukuza, na hapo ndipo sauti hupata tabia yake. Baada ya hapo pawa ampu huisukuma hadi kwenye spika. Wamarekani wa Egnater na Randall, na sasa Synergy, waliitenga hatua hiyo ya kwanza wakaiweka kwenye kisanduku cha kuchomeka na kuchomoa. Kila moduli ya Synergy ina valvu mbili za aina ya ECC83 na chaneli mbili. Unabaki na pawa ampu na spika zako, unabadilisha tabia tu. Kwetu huku, ambako kuagiza amplifaya nzima ya valvu ni mzigo kwa mfuko na mzigo kwa mgongo, naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote.

Zinazoshindaniwa kwa sauti hii ni tatu: Plexi, 800 na Friedman BE. Zote ni za ukoo mmoja, wa Marshall. Jim Marshall alikuwa mpiga drams na mwalimu wa drams mwenye duka la ala Hanwell, magharibi mwa London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, walichukua mchoro wa Fender Bassman ya Marekani wakaujenga kwa vifaa walivyovipata Uingereza. Mahali pa kwanza, ambapo Fender aliweka valvu ya 12AY7, wao waliweka ECC83, ambayo hukuza zaidi ya mara mbili yake. Amplifaya hiyo ikaitwa JTM45. Baadaye wanamuziki kama Pete Townshend wa The Who walidai kelele zaidi, zikaja za wati 100, na uso wao wa plastiki ya Plexiglas ukazipa jina la Plexi. Hiyo ndiyo sauti ya Jimi Hendrix.

Plexi naipenda kuliko amplifaya yoyote duniani, na bado sikushauri uinunue ikiwa moduli. Plexi halisi haina volyumu kuu. Ili ikwaruze ni lazima ufungue vitufe karibu vyote, na sehemu kubwa ya utamu wake hutoka nyuma kabisa, kwenye valvu za EL34 za pawa ampu zinaposukumwa hadi zinaelemewa. Sasa moduli inakuletea priampu peke yake. Ukiichomeka kwenye pawa ampu safi, kwa sauti ya kuwaridhisha majirani, unapata nusu ya Plexi, na ni ile nusu ya kistaarabu.

800 haina shida hiyo. Mwaka 1975 Marshall walitoa modeli ya 2203. Hatua za ukuzaji ambazo kwenye Plexi zilikaa sambamba, moja kwa kila chaneli, humo zilipangwa zifuatane, kisha ikawekwa volyumu kuu. Mwaka 1981 ikavalishwa sanduku jipya na jina la JCM800. Herufi hizo ni za James Charles Marshall mwenyewe. Mkwaruzo wake mwingi huzaliwa kwenye priampu, kwa hiyo unaweza kuhamishwa na kuingizwa kwenye kisanduku bila kupoteza roho. Hata hesabu inakubali: ndani ya kila ECC83 mna hatua mbili, kwa hiyo valvu mbili za moduli zina nne, na priampu ya 2203 hutumia hatua nne tu. Tatu zinakuza, na ya nne inaendesha vitufe vya besi, sauti za kati na trebo.

Ukiifungua 2203, tazama hatua ya pili. Rezista ya kathodi ni ya om 10,000, wakati wenzake humo humo ni om 820 na om 2,700. Rezista hiyo kubwa huiacha valvu ikiwa karibu kuzimika, kwa hiyo upande mmoja wa wimbi hukatwa mapema na mwingine hubaki. Ndiyo maana 800 ina meno. Kisha tazama kapasita ya hatua ya kwanza: mikrofaradi 0.68, mahali ambapo Fender kwa kawaida huweka 25. Kapasita hiyo ndogo hupunguza besi kabla sauti haijaanza kukwaruza. Besi ikikwaruzwa ikiwa nzima, nyuzi za chini huwa matope, na hakuna kitufe mbele yake kitakachoyaondoa.

Friedman BE ni kazi ya Dave Friedman, fundi wa Los Angeles aliyeichukua Marshall akaiongezea geini na kuinenepesha. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Noti inakaa, solo inateleza, makosa ya vidole yanafichika. Na hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wangu. Sisi tumekulia kwenye muziki wa dansi, ambako solo na ridhimu husemezana na kila uzi husikika ulipo. Sikio lililolelewa hivyo ni mali, na geini nyingi hulinyang'anya mali yake: mguso mwepesi na mguso mzito hutoka sawasawa. Kwenye 800, ukipunguza volyumu ya gitaa, mkwaruzo unapungua nayo. Ukigonga kwa nguvu, inakujibu kwa nguvu. Ukihitaji zaidi kwa solo, weka mbele yake Tube Screamer ya Ibanez, geini yake chini, volyumu juu. Wapiga metali wamefanya hivyo miaka na miaka.

Hela ikibaki, iende kwenye spika. Moduli nzuri ikipitia spika ya hovyo ni hasara tupu. Celestion G12M, ile Greenback ya wati 25, ndiyo iliyozungumza kwenye makabati ya Marshall ya enzi ya Plexi, na mpaka leo sijasikia inayozibeba sauti za kati vizuri zaidi yake. Ni ya wati 25 tu, kwa hiyo usiipe moja pawa ampu ya wati 50 ukategemea itadumu. Na ukiagiza chombo cha kuchomekea moduli kutoka Marekani, hakikisha kinapokea volti 230 kabla hujakiwasha. Vilivyoungua kwa sababu hiyo vinafika mezani kwangu, na transfoma zake si rahisi kuzipata.

Ukishaipata, anza na geini nusu, sauti za kati juu ya nusu, besi chini. Piga nyuzi tatu kwa pamoja. Wa katikati usiposikika, punguza geini, usiongeze trebo.